Unga wa Wageni

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Naandika kwenye daftari la kuandikisha wasomaji, kwa sababu wasomaji wenyewe hawaandiki humu. Jina la mwisho ni la Novemba, na sahihi yake imepinda. Kurasa zilizobaki nimezichukua mimi.

Eda imeisha Ijumaa, leo nimerudi kazini. Mume wangu Mselem alifariki mwishoni mwa Novemba. Alianguka bafuni akijiandaa kwenda kwenye kibanda chake cha kutengenezea mafriji pale Usagara. Nikakaa ndani miezi minne na siku kumi kama inavyotakiwa. Ramadhani imenikuta ndani, Idi imenikuta ndani. Watu wananiuliza nalalaje. Nalala vizuri. Nakula vizuri. Sijui niwaambie nini kingine.

Maktaba yetu ina vyumba viwili, viti tisa na feni moja. Ni ya kituo cha utafiti, huku njia ya Pongwe. Wenzangu wanapima udongo na vyakula, mimi natunza vitabu. Leo wamekuja watu kumi na wanne. Zamani hawakufika kumi na wanne kwa mwezi. Wamekuja kunipa pole. Mmoja akaazima kitabu cha mbolea asionekane amekuja bure, akakirudisha saa sita na vumbi lake.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Paa linavuja juu ya rafu ya majarida. Nimeweka ndoo.

Alhamisi, 10 Aprili

Mama Praxeda, mkuu wetu wa utawala, ameniita ofisini. Wakubwa wanataka kujua ubora wa huduma za maktaba. Nigawe hojaji arobaini, watu wajaze alama moja mpaka tano, kisha niandike ripoti kabla ya Juni. Wastani ukiwa chini ya tatu, chumba cha pili kinageuzwa stoo ya maabara.

"Usiogope, Samiha," akasema. "Watu wanakupenda."

Siogopi. Nilitamani kuogopa kidogo, ingekuwa kama kupata jambo la kufanya.

Jumanne, 15 Aprili

Hojaji thelathini na saba zimerudi. Tano, tano, tano. Usafi, tano. Vitabu vipya, tano, wakati kitabu kipya kuliko vyote hapa kina miaka kumi na mmoja. Huduma ya kompyuta, tano. Kompyuta yetu ilikufa mwaka juzi, na juu yake nimeweka kopo la kalamu.

Mtu mmoja ameandika pembeni: Mungu akutie nguvu dada yetu.

Alhamisi, 17 Aprili

Fanueli amekaa maktaba kuanzia saa tatu mpaka saa nane. Ni mtafiti kijana, Msambaa wa Lushoto, mlokole wa Kilutheri asiyejua kunong'ona. Kazi yake ni muhogo wa Mavumoni, ng'ambo ya Pongwe. Ndiko kwao Mselem. Wifi yangu Sabra yuko huko mpaka leo, na ndiye mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wanaotaka kuiuzia shule ya kijiji unga wa uji. Shule imesema itaununua kuanzia Julai, ripoti ya Fanueli ikisema ni salama.

"Dada Samiha, nisaidie kufikiri," akasema. "Udongo nimechimba mwenyewe, mashimo thelathini, shimo moja kwa shamba la kila nyumba. Umechoka, potasiamu hakuna. Mvua za vuli nazo hazikunyesha. Muhogo wa namna hiyo unajaa sumu, vitabu vyako vyote vinasema hivyo. Unga nimechukua kwa nyumba zile zile thelathini. Angalia."

Akanionyesha vikaratasi vyake. Unaweka unga na maji kidogo kwenye kichupa, unaning'iniza kikaratasi cha manjano ndani, unafunga, unasubiri mpaka kesho. Pakiwa na sumu, manjano inageuka kahawia. Vyote thelathini vilikuwa manjano kama vilivyotoka dukani.

"Basi kina mama wanajua kuutengeneza," nikamwambia.

"Ndivyo nitakavyoandika," akasema, lakini alikuna kichwa.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimekwenda Mavumoni. Desturi inataka hivyo, ukitoka eda unakwenda kuwaona wakwe zako. Wakwe zangu wote wawili wameshatangulia, kwa hiyo wa kuonwa ni wifi. Nilipanda basi mpaka Pongwe, kisha bodaboda kwenye tope.

Sabra alinipokea mlangoni. Tulishikana mikono, yeye akalia, mimi nikamshika bega mpaka alipomaliza. Watoto wake watatu wakanipa shikamoo. Alinitandikia mkeka mpya barazani. Nilitaka kuingia jikoni kama siku zote, akanirudisha.

"Kaa, wifi. Pumzika. Utachafuka."

Chakula kikaja kwenye sinia lenye kawa. Samaki wa kupaka, na bada, ugali wa muhogo. Nikafunua. Bada jeupe pe, laini.

Hapa lazima nieleze, nisije nikasoma mwakani nikajiona mwendawazimu. Mavumoni kila nyumba ina unga wa aina mbili. Mmoja ni wa kibandameno, muhogo mtamu. Unapandwa matuta machache karibu na nyumba, unamenywa, unaanikwa siku jua likiwa kali, unatwangwa, unafungwa kwenye mfuko na kuning'inizwa. Huo ni unga wa wageni. Wa pili ni wa muhogo mchungu, wa shambani, ule unaojaza debe. Huo unavundikwa, yaani unafunikwa siku kadhaa mpaka uote ukungu na sumu ipungue, unakwanguliwa ukungu huo, unaanikwa, na ukitoka una rangi ya majivu na harufu yake. Huo ni unga wa ndani. Wenyeji wanaula kila siku, na hawampi mgeni hata kwa kulazimishwa. Kumpa mgeni unga wa ndani ni kumtukana.

Nilipoolewa, mara tatu za mwanzo nilipewa jeupe. Mara ya nne mama mkwe akaniletea la majivu, akakaa anitazame. Nikala likaisha. Jioni Mselem akaniambia, sasa umeolewa.

Leo nimepewa jeupe. Nimekuwa mgeni. Sabra hakulisema hilo, na pengine hata hakulifikiria. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wa wageni.

Nilimega tonge la pili ndipo nikamkumbuka Fanueli. Nikamwuliza Sabra yule mtafiti aliombaje unga.

"Kwa adabu. Aliniambia mimi mwenyekiti siku tatu kabla, kwamba watakuja wageni kutoka mjini, kila nyumba imwandalie kilo moja. Tukamwandalia. Wengine kibandameno kiliwaishia, nikawagawia wa kwangu."

"Na wa shule mtatoa upi?"

Akacheka. "Wifi nawe! Kibandameno kitajaza gunia? Tutatoa huu tunaokula wenyewe. Si amesema wetu mzuri?"

Nikamwuliza unavundikwa siku ngapi siku hizi. Akasema zamani nne au tano, ila masika haya kila kitu kinaoza, jua hakuna, watoto wanataka kula, siku moja inatosha.

Nikala nikamaliza. Nikashukuru. Nikarudi kwangu Nguvumali kabla ya magharibi.

Jumatatu, 21 Aprili

Pasaka. Kazi hakuna. Nimefua.

Jumanne, 22 Aprili

Fanueli alikuja kuuliza jarida. Nikampa jarida.

Nikisema, nyumba thelathini zitaitwa waongo. Atakayetajwa wa kwanza ni Sabra. Watu watasema mjane wa Mselem katoka eda juzi, jana kaenda kula kwa wifi yake, leo kamwaibisha. Sina nguvu za kujibu maneno ya watu. Mtu mwingine atagundua. Ni mtafiti, ana shahada mbili.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Ndoo imejaa mara mbili.

Ijumaa, 2 Mei

Hakuna.

Alhamisi, 8 Mei

Nimekusanya alama za hojaji. Wastani ni nne nukta tisa. Nimehesabu tena nikapata ile ile.

Sabra amepiga simu kunisalimia. Kikundi kimenunua sufuria kubwa. Nikasema hongera. Aliniuliza kama nina lolote, sauti yangu imekuwa kama ya mtu anayesoma tangazo. Nikasema ni mtandao.

Jumatano, 14 Mei

Ndoo. Wasomaji watatu. Wa kunipa pole wameisha.

Jumanne, 20 Mei

Fanueli ameleta ripoti yake nimjalidie. Hiyo ni huduma mojawapo ya maktaba yetu: kutoboa, kushona uzi, kubandika jalada la kijani. Nakala sita. Nilizishona zote kabla ya saa saba. Ukurasa wa thelathini na moja unasema unga wa Mavumoni unafaa kwa watoto wa shule, na unawapongeza kina mama kwa ustadi wao. Niliupitisha sindano mara sita.

Mishono yote imenyooka. Nimeiangalia mikono yangu muda mrefu, nikasema huyu si mimi. Lakini ni mimi.

Jumatatu, 26 Mei

Nimempelekea Mama Praxeda ripoti ya ubora wa huduma. Alipoona nne nukta tisa alifurahi kweli kweli.

"Mama," nikamwambia, "kompyuta imepata tano."

"Nimeona."

"Kompyuta haiwaki."

Alivua miwani. Mama Praxeda ni mtu wa haki, ila haki yake huchelewa kidogo kufika. "Samiha, watu wamekuheshimu. Umefiwa. Ulitaka wakupe moja?"

"Nilitaka wajibu walichoulizwa."

"Hakuna anayejibu alichoulizwa mbele ya mtu anayemhurumia. Chukua tano zako, mama, ukafanye kazi."

Nikarudi nikakaa. Kosa langu ni la chumba cha vitabu tu. Nikinyamaza, hasara yake ni viti tisa. Kosa la Fanueli ni hilo hilo, watu wamemwandalia mgeni, naye akaandika walichomwandalia. Ila kule shuleni kuna bakuli mia tatu za uji. Nami nimelijua hilo muda wote, sikuhitaji Mama Praxeda anifundishe. Nilikuwa naliona tu kwa mbali, kama mambo ya majirani.

Jumanne, 27 Mei

Nimemwambia Fanueli. Nilimfuata maabara, nikasimama karibu na mizani, nikasema yote kwa mpigo: aina mbili, taarifa ya siku tatu, kilo moja ya wageni, kuvundika siku moja.

Kwanza alikasirika. Alisema kila nyumba ilimwapia kwamba huo ndio unga wao.

"Ni wao kweli," nikamwambia. "Wanao. Hawauli tu."

"Kwa nini wasiseme?"

"Kwenu Lushoto mgeni akija mnampa viazi vilivyooza?"

Akakaa kwenye kigoda, akaanza kutoa zile ripoti sita za kijani nilizojalidi mezani moja moja na kuziweka sakafuni. "Nitaziandika upya zote," akasema. "Lakini nahitaji unga wenyewe. Mimi hawatanipa. Nikienda mara mia nitapewa ule mweupe."

Nikasema nitakwenda naye. Nikasema pia kwamba hata mimi siku hizi napewa mweupe.

Alhamisi, 29 Mei

Mvua imepungua. Sijampigia Sabra.

Jumamosi, 31 Mei

Tumefika Mavumoni saa nne. Fanueli alibaki chini barabarani na kisanduku chake, mimi nikapanda peke yangu. Sabra alikuwa anapepeta. Aliponiona akainuka akachukua ule mkeka mpya.

"Wifi, usiutandike," nikasema. "Nimekuja kuomba unga wa ndani."

Alisimama na mkeka mkononi. "Wa nini?"

"Wa kupima. Mlichompa yule kijana, yuko barabarani anasubiri, kilikuwa cha wageni. Naogopa huu mwingine una sumu, na mnataka kuwapa watoto wa watu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno. Nilijua atasema Mselem angekuwepo nisingefanya hivi, nilijua atataja eda. Aliuweka mkeka chini. Aliingia ndani, nikasikia kifuniko cha debe. Akatoka na bakuli, unga wa majivu umejaa, akaniwekea mikononi. Uso wake sikuweza kuusoma.

"Mwite mgeni wako asiungue jua," akasema.

Fanueli alipima unga kwa kijiko chake, akatia maji, akaning'iniza kikaratasi, akafunga kichupa. Akaweka na kingine cha kibandameno pembeni, ili vilinganishwe. Vikakaa juu ya kabati ya vyombo. Alimweleza Sabra kila kitu kwa Kiswahili chake cha milimani, kwa sauti ile ile kubwa, na Sabra akamsikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja: mpaka saa ngapi. Akajibiwa, kesho kama saa hizi. Fanueli akarudi mjini. Mimi nikabaki.

Chakula cha jioni alipika wali. Debe hakulifungua.

Jumapili, 1 Juni

Naandika nikiwa Nguvumali. Mkono umechoka ila nataka niandike yote.

Fanueli alikuja saa nne. Aliruka kanisa. Akashusha vichupa viwili, akafungua, akalaza vikaratasi juu ya kitabu cha shule cha mtoto. Kimoja manjano. Kingine kahawia, ya chai ya rangi. Ana kadi yenye rangi kumi za kulinganishia. Aliisogeza polepole mpaka rangi ya pili kutoka mwisho, akaiacha hapo.

"Kipimo kinachoruhusiwa ni miligramu kumi kwa kilo," akasema. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akizungumza kwa sauti ya chini. "Hii ni mia nne."

Sabra alikuwa ameinama, anatazama. Hakugusa.

"Ukivundikwa siku zote nne unapungua?"

"Unapungua sana. Na kuna njia ya kuulowesha na kuutandaza kivulini kwa muda wa saa tano, sumu inatoka na hewa. Nitawaonyesha leo leo. Siyo muhogo mbaya, mama. Ni haraka."

"Haraka," akasema Sabra. Kisha akanigeukia mimi. "Wewe umejua lini?"

Nilikuwa na uongo tayari mdomoni. Ulikuwa mdogo, wa kusema juzi.

"Ile Jumamosi niliyokuja."

"Ya kutoka eda."

"Ndiyo."

"Kabla ya Pasaka yao hawa." Alimwonyesha Fanueli kwa kidevu. Akahesabu, siyo kwa vidole, akitazama ukutani. "Wiki sita."

"Sikutaka kukuaibisha, wifi. Niliona watu watasema—"

"Mimi nina watoto watatu humu ndani." Hakupaza sauti. "Huyu mdogo anatapika asubuhi tangu mwezi uliopita. Kichwa kinamzunguka akinyanyuka. Nimempa dawa ya minyoo mara mbili. Mara mbili, Samiha. Kila siku nampikia ale apate nguvu, akikataa namchapa. Na wewe unajua. Napiga simu nakuuliza una lolote, unasema mtandao."

Nilitazama mlango wa chumba. Sabra akaendelea.

"Nani alikwambia mimi ni mtu wa kuogopa aibu kuliko kuzika? Kaka yangu tumemzika juzi. Umeniona nina hamu ya kuzika tena?"

Fanueli alitoka nje, akasimama uani akitazama matuta.

Ndipo nikaona aibu. Naiandika hivyo hivyo kwa sababu ilikuwa aibu, haikuwa huzuni, wala haikuwa Mselem. Masikio yaliwaka. Tangu Novemba sijasikia kitu mwilini mwangu, na cha kwanza kuja kikawa hicho. Nililia pale kwenye kigoda mbele ya kile kikaratasi, kilio kibaya cha makamasi, na Sabra hakunishika bega. Alikuwa anatafuta kadi ya kliniki ya mtoto.

Alitoka chumbani na yule mdogo, Sabiha, kamvika gauni la Idi. Ana miaka sita. Mtoto alikuwa amelegea, anasinzia, midomo imekauka.

"Tunakwenda hospitali ya mjini," akasema. "Mbebe. Mimi nina kina mama wa kuwaambia njiani, nyumba kwa nyumba, wamwage walichopika."

Akanipa. Nikamfunga mgongoni kwa kanga yangu. Sabra alitangulia kwenye tope, akibisha kila mlango, akisema bila kuficha jina la mtu wala la kwake, na mimi nikafuata nyuma yake na mtoto. Kila mlango nilisimama nikiwa nimemgeuza mtoto kidogo, nimsikie anapumua. Nyumba zilikuwa thelathini.